Namna ya Kuwashirikisha Wazazi Waliopitia Huduma za Ustawi wa Watoto Katika Kuzipanga: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Ofisi na mashirika yanayotaka kuanza kazi hii huuliza maswali yale yale: wazazi tuwapate wapi, tuwalipe au tuwashukuru tu, tufanyeje mzazi akilia katikati ya kikao, na itakuwaje ikiwa shauri la mtoto wake bado halijafungwa. Mwongozo huu unakuhusu wewe unayesimamia huduma za watoto, iwe ni ofisi ya ustawi wa jamii, makao ya watoto, mpango wa malezi ya kambo au shirika linalosaidia familia zilizo katika shida, na ambaye sasa unataka wazazi washiriki katika kuamua huduma hizo ziendeshwe vipi.

Mzazi anayekusudiwa hapa ni yule aliyefika kwenye huduma hizo akiwa mhusika: aliyechunguzwa, aliyetenganishwa na mtoto wake kwa muda au moja kwa moja, aliyerudishiwa mtoto, au aliyeomba msaada kabla mambo hayajaharibika, akaupata au akaukosa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mzazi huyu amekilalia. Anajua kwamba saa za kumwona mtoto zilipangwa wakati ambao yeye yuko kazini, kisha kutofika kwake kukaandikwa kwenye jalada kuwa ni kutojali. Anajua kwamba masharti aliyopewa yalimtaka awe mahali pawili kwa wakati mmoja. Anamkumbuka afisa aliyemweleza ukweli, na maneno aliyotumia. Mambo hayo hayaonekani katika taarifa za robo mwaka.

Jambo moja litenganishwe mapema. Kifungu cha 9 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 kinataka wote wanaohusika wapewe nafasi ya kushiriki na kutoa maoni yao pale inapoamuliwa kama mtoto atenganishwe na wazazi wake. Hiyo ni haki ya mzazi ndani ya shauri lake mwenyewe, nawe unadaiwa kuitimiza hata kama hujawahi kuunda kamati yoyote ya wazazi. Kazi inayoelezwa hapa inakwenda mbali zaidi, kwa sababu inahusu taratibu, fomu, mafunzo, bajeti na sera zitakazowagusa wazazi wengine wote watakaokuja. Inawezekana kufika mbali sana kwa njia hii. New Zealand ilipotunga sheria yake ya watoto na familia mwaka 1989 na kukifanya kikao cha familia kuwa sehemu ya maamuzi kuhusu mtoto, ilikuwa imetanguliwa na kamati iliyozunguka kuwasikiliza Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wakieleza jinsi mfumo uliokuwapo ulivyowatenga watoto wao na ukoo wao.

Mambo ya kuwa nayo kabla ya kuanza

Usimwalike mzazi hata mmoja kabla hujawa na haya:

- Uamuzi mmoja ambao bado haujafanywa. Ikiwa sera imeshaandikwa na inasubiri kutangazwa, umechelewa kwa sera hiyo, tafuta nyingine.
- Mkuu mwenye mamlaka ya kutia saini, aliyekubali kwa maandishi kuhudhuria baadhi ya vikao na kutoa majibu.
- Fedha za malipo ya muda wa wazazi, nauli, uangalizi wa watoto wakati wa kikao, na ukalimani au msaada mwingine kwa mzazi anayeuhitaji, akiwamo mzazi mwenye ulemavu.
- Mratibu mmoja ambaye hashughulikii shauri la mzazi yeyote kati ya wale watakaoshiriki.
- Mshauri nasaha anayeweza kupatikana siku ya kikao na siku zinazofuata.
- Mahali pa kukutania ambapo wazazi hawakuwahi kuitwa kuhojiwa wala kunyang'anywa mtoto.

Ukikosa la kwanza na la pili, ahirisha. Mengine yanaweza kutafutwa njiani, lakini mawili hayo yakikosekana utakuwa unawachosha watu ambao tayari wamechoshwa.

Hatua za kazi

1. Andika uamuzi unaotaka uguswe, pamoja na mipaka yake.

Chukua karatasi, uigawe safu tatu: mambo ambayo wazazi wanaweza kuyabadilisha, mambo ambayo sheria imeyafunga, na mambo yanayohitaji idhini ya ngazi ya juu. Tuseme umechagua utaratibu wa wazazi kuwatembelea watoto walio katika malezi ya kambo. Siku na saa za kutembelea, mahali pa kukutania, namna mzazi anavyojulishwa kikao kikiahirishwa, na maneno anayoyatumia msimamizi kuandika taarifa yake vinaweza kuwa katika safu ya kwanza. Amri ya mahakama iko katika safu ya pili. Karatasi hiyo watapewa wazazi siku ya kwanza, bila kufichwa chochote, kwa kuwa mzazi anaweza kuvumilia mpaka aliouona tangu mwanzo, lakini mpaka unaojitokeza baada ya miezi ya kazi huuona kuwa ni hila, na ana haki ya kuuona hivyo.

Kwa mara ya kwanza chagua jambo dogo linaloweza kukamilika. Barua ya kwanza anayopelekewa mzazi ni mwanzo mzuri. Mafunzo ya maafisa wapya pia yanafaa.

2. Amua ni mamlaka kiasi gani unayatoa.

Mwaka 1969 Sherry Arnstein wa Marekani alieleza ushiriki wa wananchi kwa mfano wa ngazi yenye vidato 8, kuanzia udanganyifu chini kabisa hadi wananchi kushika usukani juu kabisa. Kidato cha pili kutoka chini alikiita tiba, yaani watu wanaitwa kushiriki kumbe wanatibiwa au wanarekebishwa tabia. Katika huduma za watoto kidato hicho ndicho kinachokanyagwa zaidi bila watu kutambua: wazazi wanaalikwa kutoa maoni, na kabla kikao hakijaisha wanafundishwa malezi bora. Ikiwa nia yako ni mafunzo ya malezi, yaite hivyo na uyafanye siku nyingine.

Kisha chagua kiwango unachoweza kukitetea. Je, wazazi watashauriwa, na ofisi ndiyo itakayoamua? Je, watakuwa na kura? Je, kuna jambo watakaloliamua wao peke yao? Kushauriwa kwa uaminifu ni bora kuliko ubia wa jina. Andika jibu lako katika hadidu za rejea, yaani waraka unaoeleza kazi ya kikundi na mipaka yake, kwa sentensi ambayo mtu yeyote anaweza kuielewa.

3. Weka ukuta kati ya ushiriki na mashauri ya wazazi.

Hii ndiyo hatua inayohitaji uangalifu kuliko zote. Wewe una uwezo juu ya mtoto wa mtu huyu, na yeye hausahau uwezo huo hata dakika moja. Kwa hiyo mwandikie barua inayosema wazi kwamba kushiriki hakutamsaidia wala kumdhuru katika shauri lake, kwamba kukataa au kujiondoa hakutaandikwa katika jalada lake, na kwamba anayoyasema kikaoni hayatafikishwa kwa afisa wake, isipokuwa katika hali moja tu.

Hali hiyo moja ni pale anapotaja jambo linaloashiria kwamba mtoto yuko hatarini sasa. Mfafanulie wajibu wako wa kutoa taarifa kabla hajafungua kinywa, kwa mifano, si kwa kumsomea kifungu cha sheria. Mzazi aliyeelezwa mapema anachagua mwenyewe aseme nini, asiyeelezwa anategwa.

Wapo wanaopendekeza kuwachukua tu wazazi ambao mashauri yao yamefungwa. Kwa kikundi cha kwanza naona ni busara, hasa kama mratibu wako bado ni mgeni katika kazi hii. Lakini usiifanye kuwa kanuni ya kudumu, kwa kuwa mtu ambaye shauri lake lilifungwa zamani anaieleza huduma ilivyokuwa, nawe unahitaji pia kuijua ilivyo leo.

4. Watafute wazazi kwa njia zaidi ya moja.

Ukiwaachia maafisa peke yao wachague, watakuletea wazazi walioshukuru. Hao wana mengi ya kusema na wanakaribishwa, ila hawatoshi. Tumia pia vikundi vya wazazi wenyewe, mawakili wanaowatetea, wahudumu wa afya, walimu, viongozi wa dini na wafanyakazi wa nyumba za hifadhi. Andika tangazo fupi lisilomtaka mtu aeleze historia yake ili akubaliwe.

Hakikisha wamo akina baba, ambao mara nyingi hata majina yao hayamo katika majalada. Wazazi wenye ulemavu. Wazazi ambao watoto wao hawakurudi. Na walioomba msaada wakaambiwa hali yao haijawa mbaya vya kutosha. Kundi hilo la mwisho linaweza kukueleza mlango wako wa mbele unavyofanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu Malezi Mbadala ya Watoto, iliyopitishwa mwaka 2009, inasema kwamba umaskini pekee usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake, na wazazi wa kundi hilo ndio wanaoweza kukuonyesha ni wapi msaada uliokosekana mapema uligeuka kuwa uchunguzi baadaye.

*Tahadhari:* usimweke mzazi mmoja peke yake kati ya wataalamu kumi. Atanyamaza, au atasema yale anayohisi yanatakiwa. Wawe wawili kwa uchache kabisa, na ikiwezekana wanne au zaidi.

5. Kubalianeni malipo kabla ya siku ya kwanza.

Walipe. Kila mwingine aliyeketi katika chumba hicho analipwa kwa saa hizo, na mzazi ndiye aliyeacha kibarua ili aje. Lipia muda wa kusoma nyaraka na wa kujiandaa, si saa za kikao tu; lipa nauli siku hiyo hiyo; na umwachie mzazi achague kupokea fedha taslimu au kwa njia nyingine. Kabla ya hapo ulizia kama malipo hayo yanaweza kumpunguzia ruzuku ya serikali anayoipata, kisha umpe jibu kwa maandishi ili aamue mwenyewe.

6. Ziandae pande zote mbili.

Kwa kawaida ofisi huwaandaa wazazi na kuwasahau wafanyakazi. Wazazi wapewe nyaraka mapema, zikiwa zimeandikwa kwa lugha nyepesi, na wakutane peke yao na mratibu kabla ya kikao ili wajue nani atakuwapo, ana cheo gani, na kama miongoni mwao yumo afisa aliyewahi kushughulikia familia ya mmoja wao. Ikiwa yumo, mzazi ndiye anayeamua kama afisa huyo abaki.

Wafanyakazi nao waketishwe. Waelezwe kwamba watasikia hasira, na kwamba hasira hiyo ni sehemu ya taarifa wanazozihitaji. Wakatazwe kujitetea kwa kueleza sera, na kusema kwa vifupisho. Wasitafute kwenye mfumo wa kumbukumbu jalada la mzazi wanayeketi naye. Hili liwe kosa la kinidhamu, na wazazi waambiwe kwamba ni kosa.

7. Endesha kikao kuhusu huduma, si kuhusu maisha ya mzazi.

Usifungue kikao kwa kumwomba kila mzazi asimulie yaliyompata. Simulizi hizo huwagharimu wanaozitoa, huwaliza wanaozisikia, kisha utaratibu unabaki kama ulivyokuwa. Uliza maswali yanayoelekea kwenye jambo lenyewe: barua hii ilipofika uliielewaje, ni wapi ulihitaji mtu wa kumuuliza ukamkosa, sharti gani lilikusaidia na lipi lilikukwamisha. Mzazi akitaka kutoa mfano wa maisha yake ni hiari yake, na mfano huo ubaki kuwa mali yake. Usiutumie katika taarifa, mafunzo wala matangazo bila ridhaa yake ya maandishi, ambayo anaweza kuiondoa baadaye.

Wazazi waanze kuzungumza kabla ya wakuu. Wekeni mapumziko mafupi ya mara kwa mara. Uenyekiti upokezanwe kati ya mfanyakazi na mzazi tangu kikao cha pili au cha tatu.

8. Shikeni kalamu pamoja.

Maoni yakichukuliwa na ofisi ikaenda kuandika peke yake, yanarudi yamepauka. Andikeni chumbani, sentensi kwa sentensi. Chukua barua ya wito yenye maneno kama haya: "Unatakiwa kufika bila kukosa katika kikao cha kupitia ustawi wa mtoto aliyetajwa hapo juu, kutofika kutachukuliwa kuwa ni kukosa ushirikiano." Mfanyakazi anaisoma na kuona taarifa ya kawaida. Mzazi anaisoma na kuelewa kwamba mtoto wake atachukuliwa siku hiyo, kwamba ni marufuku kuja na mtu, na kwamba akiwa kazini ameshahukumiwa.

Baada ya kuifanyia kazi pamoja, barua hiyo inaweza kuwa hivi: "Tunakualika tuzungumze kuhusu hali ya mtoto wako na msaada ambao familia yako inauhitaji. Siku hiyo hatutaamua kumtoa mtoto nyumbani. Unaweza kuja na ndugu, rafiki au wakili. Kama saa hii haikufai, tupigie tupange nyingine." Kila sentensi hapo inajibu hofu iliyotajwa na mtu. Na angalia sentensi ya pili: ofisi haiwezi kuiandika kama si kweli, kwa hiyo kazi ya kurekebisha barua inailazimisha ofisi kuamua kikao hicho ni cha nini hasa. Hapo ndipo mabadiliko ya maneno yanapogeuka kuwa mabadiliko ya utaratibu.

9. Rudisha majibu kwa tarehe iliyotajwa.

Kila pendekezo liandikwe katika jedwali, pamoja na jibu lake: limekubaliwa na litaanza lini, limekataliwa kwa sababu gani, au linasubiri nani. Mkuu aliyetia saini mwanzoni ndiye awasomee wazazi jedwali hilo, ana kwa ana. Hata "hapana" yenye sababu inajenga imani. Kimya kinaivunja.

10. Pima kilichobadilika.

Idadi ya wazazi waliohudhuria si kipimo. Angalia kama wazazi wapya wanafika zaidi kwenye vikao baada ya barua kubadilishwa, kama ziara zinazoahirishwa zimepungua, kama malalamiko yamebadilika. Waulize pia wazazi washiriki, kupitia mtu asiye wa ofisi yako, kama wangemshauri rafiki yao ajiunge.

Kikundi kikishaimarika, fikiria kuwaajiri baadhi ya wazazi. Jimbo la Iowa nchini Marekani lina mpango ulioanza mwaka 2007, ambao wazazi waliowahi kutenganishwa na watoto wao kisha wakaungana nao tena huwasaidia wazazi walioingia sasa katika mfumo. Kazi ya namna hiyo inahitaji mkataba, msimamizi, mafunzo na nafasi ya kupanda cheo, kama kazi nyingine yoyote.

Yanapokwama

*Wazazi wameacha kuja.* Usianze kwa kudhani wamekosa nia. Kagua malipo yaliyochelewa, saa za kikao, na jedwali la majibu: je, lipo pendekezo lao lolote lililotekelezwa?

*Mzazi anarudi kila mara kwenye shauri lake.* Huenda hana mahali pengine pa kulipeleka. Mratibu ampe muda baada ya kikao na amwelekeze kwa mtu anayeshughulikia malalamiko au msaada wa kisheria. Kisha uliza kundi zima: je, lipo jambo katika shauri hilo ambalo huwapata na wengine?

*Mzazi analia.* Muulize anataka nini: kupumzika, kuendelea, au kwenda nyumbani. Usimwamulie. Mpigie simu kesho yake.

*Ametaja jambo linaloashiria hatari kwa mtoto.* Mratibu azungumze naye faragha, amkumbushe yale mliyoyakubaliana katika hatua ya 3, na amwambie taarifa itatolewa kwa nani kabla haijatolewa, isipokuwa kama kumwambia kutazidisha hatari. Inapowezekana, mzazi mwenyewe apige simu mratibu akiwa kando yake.

*Wafanyakazi wanasema wazazi hawa hawawakilishi wengine.* Hakuna anayemdai mwanasheria wa ofisi awawakilishe wanasheria wote. Wazazi wameitwa kwa sababu ya wanachokijua. Hata hivyo pingamizi hilo likitolewa kwa nia njema, lichukulie kuwa ukumbusho wa kurudi kwenye hatua ya 4 na kuongeza wasiokuwapo.

*Wazazi hawakubaliani wao kwa wao.* Andika misimamo yote katika jedwali. Baba aliyetengana na mama wa mtoto na mama aliyekimbia ukatili hawawezi kutaka utaratibu mmoja wa kumtembelea mtoto, na utaratibu wako unapaswa kuwafaa wote wawili. Wasiwekwe chumba kimoja bila kuulizwa kwanza.

*Maoni ya wazazi yanagongana na ya watoto.* Sauti ya mzazi si mbadala wa sauti ya mtoto. Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto kinampa mtoto haki yake mwenyewe ya kusikilizwa. Watafutie watoto na vijana waliopitia huduma hizo nafasi yao tofauti, yenye taratibu zake, na uyalete maoni ya pande zote mbili mbele ya anayeamua.

*Shauri jipya limefunguliwa dhidi ya mzazi mshiriki.* Lipelekwe kwa afisa au ofisi isiyomfahamu. Mratibu amuulize mzazi kama anataka kuendelea, kupumzika au kuacha, na malipo ya kazi aliyokwisha kuifanya yatolewe yote. Wenzake wasiambiwe chochote ila kile anachokubali yeye kisemwe.